Tunga Sentensi kwa Neno Kejeli

Ukitaka kujua watu wanakuonaje, sahihisha madaftari ya darasa la sita. Niliandika ubaoni kejeli, dhihaki, beza, suta na tania, na juu yake agizo ambalo kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania analijua hata usingizini: tunga sentensi kwa kutumia maneno yafuatayo. Kipindi kilipokwisha nikabeba rundo la madaftari hadi chini ya mwembe, nikafungua kalamu nyekundu.

Daftari la kwanza: "Mwalimu ametuambia tutunge sentensi kwa kutumia neno kejeli." Nikairudia, nikitafuta pa kuweka kosa. Herufi kubwa ipo, nukta ipo, upatanisho wa sarufi umekaa sawasawa, na neno limetumika. Daftari la pili, la mwenzake wa dawati moja: "Neno dhihaki ni gumu." Hilo nalo ni kweli tupu. Nikawapa alama zao. Hao wawili watakuja kuwa mawakili, Mungu awasaidie mahakimu.

Wasiokuwa na ujanja wa kukwepa walijaribu bahati yao. Mmoja aliandika kwamba baba yake alimbeza mbuzi mpaka sokoni. Bila shaka aliona beza na beba ni ndugu. Mwingine mama yake amedhihaki maharage ya nazi. Kwenye suta ndiko nilikopumzika, kwa sababu shule yetu iko Muheza, na mtoto wa huku hahitaji kamusi kwa neno hilo. Msichana mmoja alijaza ukurasa mzima: jirani alimsema vibaya shangazi yake, shangazi akakusanya wenzake, wakavaa kanga sare, wakakodi matarumbeta, wakaenda kumsuta mlangoni kwake mchana kweupe, kila alilolisema likatajwa, naye akatakiwa ajibu alisema au hakusema. Niliomba sentensi, nikapata taarifa ya habari. Kasoro yake ni kwamba alitaja majina, na jina mojawapo ni la mjumbe wa kamati ya shule.

Kisha nikafungua daftari lililojaladiwa kwa gazeti. "Mwalimu wetu akivaa koti lake la kijani, wanafunzi humkejeli lakini yeye hudhani wanamsalimia."

Hebu tuitazame kitaaluma. Kitenzi kinataka mtendwa, na mtendwa yupo, kapewa kiambishi chake. Kuna hu- ya mazoea, maana yake jambo lenyewe ni la kila mara. Kuna kiunganishi, tena kimewekwa pale panapouma. Na maana ya kejeli imetoka yote: kicheko kipo, anayechekwa yupo, na anayechekwa hana habari. Katika kufundisha kwangu sijapata mfano bora kuliko huo, na siku hiyo nilikuwa nimeuvaa.

Nililipeleka daftari ofisi ya walimu nikitafuta huruma. Mwalimu wa hisabati, Mchaga wa Rombo, akaisoma sentensi kwa sauti, kisha akasimama akaisoma tena. Ofisi nzima ikaangua kicheko. Yeye peke yake hakucheka.

"Huyu mtoto kakosea kitenzi," alisema. "Mpare hakejeliwi, hutaniwa. Na mwenye ruhusa hapa ni mimi."

Hakuna aliyembishia, hata mimi. Yeye Mchaga, mimi Mpare, na utani wetu tumeukuta. Kejeli humwendea mtu kisha ikaishia hapo, lakini tania ina ile -ana yake inayoisubiri mlangoni: unanitania, nakutania, tunataniana. Ndiyo maana anaweza kusema mbele ya mwalimu mkuu kwamba Mpare huuza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku, nami nikamjibu kwamba Mangi akizimia haitiwi daktari. Hudondoshwa sarafu karibu na sikio lake, asipofumbua macho ndipo watu waanze kuchimba kaburi. Mwalimu wa sayansi, Mbondei, aliwahi kuingilia kati na mzaha huohuo wa kuku. Tulimgeukia sote wawili. "Wewe nani kakualika?"

Mambo haya yaliwashughulisha wageni zamani. Pale Amani, milimani juu yetu, enzi za Waingereza aliishi mtafiti wa ndege aitwaye Reginald Moreau. Mwaka 1941 aliweka ndege kando akachapisha makala kuhusu utani wa Tanganyika. Namwelewa. Ukisikia watu wawili wanaitana mbwa, kisha ukawaona wanagawana muwa, lazima na wewe uchukue daftari. Wazee wana maelezo yao. Wahehe na Wangoni walipigana sana katika karne ya 19, wakachoka kuuana, wakabaki kutaniana. Wanyamwezi walipita Uzaramo na mizigo ya misafara kwenda Bagamoyo, wakihitaji maji na pa kulala, na msafiri asiye na ndugu njiani heri awe na mtani.

Kuna kitenzi kimoja sikukiandika ubaoni, kwa usalama wangu: sanifu. Darasani ni neno lenye tai shingoni. Mwaka 1928 kikao cha Mombasa kilikiteua Kiunguja kiwe msingi wa lugha ya pamoja, na mwaka 1981 ikatoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo nakala yetu imepoteza jalada kwa kugombaniwa. Lakini pwani kumsanifu mtu ni kumkejeli kwa kumsifu. Wali umeungua, mgeni anakula huku akisema, "Bi mkubwa, mkono huu ungewafaa mahotelini." Bibi mmoja wa Pangani alikuja kumwandikisha mjukuu wake, nami nikamweleza kwa fahari kwamba hapa watoto wanafundishwa Kiswahili sanifu.

"Nyumbani ananisanifu vya kutosha, mwanangu," alisema. "Mfundisheni hesabu."

Lakini mtihani wenyewe wa vitenzi hivi niliushuhudia Usangi, kwenye maziko ya baba yangu mdogo. Marehemu alikuwa mtu wa kuhesabu chenji mbele ya kondakta, kisha kuihesabu tena gari likishaondoka. Mwalimu wa hisabati alisafiri nami. Kabla jeneza halijashushwa, tukamwona anatokea nyuma ya migomba amevaa koti na kofia ya marehemu, fimbo mkononi. Akachungulia kaburini.

"Hili mmechimbisha kwa bei gani? Mbona refu hivi, na mimi nilikuwa mfupi? Fukieni futi moja, mrudishiwe hela."

Mama mdogo, aliyekuwa hajatia kitu mdomoni tangu msiba utokee, alicheka mpaka kitenge kikamdondoka begani. Mtani akaketi ukingoni, miguu ikining'inia kaburini, akatangaza kwamba haondoki mpaka alipwe.

Mkwe wetu kutoka Dar es Salaam, mume wa binamu yangu, akaona kumbe msiba wenyewe ni wa mzaha, naye akachangia. Alisema maneno yaleyale ya urefu wa kaburi na hela, tena kwa sauti nzuri zaidi. Kimya. Mzee mmoja akauliza taratibu, "Huyu anamdhihaki nani?" Dakika chache nyuma kitenzi kilikuwa kutania. Binamu yangu aliinama akawa anatazama viatu vyake.

Aliyemwokoa ni mtani. Alipiga fimbo chini, akamtoza faini ya shilingi elfu kumi kwa kuingia kwenye utani wa watu bila kibali, na waombolezaji wakapumua. Mkwe akapapasa mifuko. Pochi ilikuwa imebaki kwenye gari, na gari lilikuwa chini barabarani. Nikalipa mimi. Kisha nikaomba risiti.

Mtani akavua kofia ya marehemu, akanivisha, akawageukia watu. "Mnaona? Huyu mzee hajafa. Kahamia hapa."