Namna ya Kuupata Udiwani wa Igwachanya

Anza kwa kuchagua mwaka wa kuzaliwa. Wagombea wengi hulipuuza jambo hili, kisha wanalaumu wapiga kura. Ukizaliwa mapema mno, utakuta eneo liko chini ya mtwa, yaani chifu, naye haombi kura wala hana ilani. Machifu hawakuondolewa kisheria mpaka 1963. Usijipe moyo kwa uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa 1958 na 1959. Mpiga kura wa siku hizo alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambulika, na mashangazi zako wa Mdandu hawakuwa na hata kimoja. Aliyefuzu masharti alilazimika kupiga kura tatu: ya Mwafrika, ya Mwasia na ya Mzungu. Huku Nyanda za Juu Kusini aliyenufaika ni Lady Chesham, Mmarekani, mjane wa bwana wa Kiingereza, aliyeingia barazani kwa kuungwa mkono na TANU. Wewe ungebaki nje unashangilia.

Ukizaliwa katikati, ukawa mtu mzima mwenye uchu wa uongozi mwaka 1972, pole zaidi. Mwaka huo serikali ilizivunja halmashauri na kutangaza madaraka mikoani, na kweli madaraka yakafika mikoani, yakiwa mfukoni mwa watumishi waliotumwa na Dar es Salaam. Halmashauri za miji zilirudi 1978. Za wilaya zilingoja sheria ya 1982 na kuanza kazi upya 1984. Muda wote huo nchi iliishi bila diwani wa kijijini. Ukikutana na mzee anayekuuliza, "Kwani hawakuwepo?", usimjibu. Huyo ni mpiga kura wako, tena ndiye utakayehangaika naye zaidi.

Mafunzo yako yaanzie Septemba 1965. Ulikuwa uchaguzi wa wabunge, lakini hakuna chuo cha udiwani kinachoushinda. Chama kilikuwa kimoja, kwa hiyo kila jimbo lenye ushindani lilipewa wagombea wawili wa TANU, mmoja akikabidhiwa alama ya jembe na mwenzake nyumba. Hakuna aliyeruhusiwa kutaja kabila, dini wala rangi. Hakuna aliyeruhusiwa kusema Mwalimu anamtaka yeye. Mikutano iliandaliwa na TANU wilayani, na mahasimu wote wawili walipanda jukwaa moja wakahutubia kwa zamu. Mtu umemzulia mwenzako uongo, kisha unakaa ubavuni pake unamsikiliza akijibu! Adhabu ya namna hii haipo tena, na wagombea wa leo wanapaswa kumshukuru Mungu kwa hilo.

Sasa ukinyimwa kabila, dini na jina la Rais, unabaki na nini cha kusema? Unabaki na picha. Mwenye jembe aliuliza nani kati yenu amewahi kula nyumba. Mwenye nyumba aliuliza mkishalima mtaficha wapi mahindi, na mvua ikinyesha mtajifunika jembe? Ukizichukulia hoja hizo kuwa sera, utacheka. Lakini zipime kwa haki: zilieleweka na kila mtu, hazikuahidi barabara ya lami, na baada ya uchaguzi hakuna aliyedai zimevunjwa. Wapiga kura nao hawakuwa mazuzu. Walisikiliza habari za jembe na nyumba kwa adabu zote, kisha wakawaangusha wabunge kadhaa waliozoea viti, akiwemo Waziri wa Fedha, Paul Bomani. Kumbuka jina hilo kila wanapokupigia makofi.

Baada ya historia, nenda msibani. Tangu wilaya ya Wanging'ombe imegwe kutoka wilaya ya Njombe mwaka 2012 na makao makuu kuwekwa Igwachanya, kila kijana aliyefanikiwa Makambako au Dar es Salaam anarudi na wazo kwamba kiti kiko karibu na nyumba ya mama yake. Anafika na gari, anashusha vioo, anapunga mkono. Huyo mwache aendelee, anakusaidia. Wewe fika msibani kabla ya maiti, ukiwa na sururu yako mwenyewe. Chimba mpaka wakuone umetoka jasho, kisha mwachie mwingine sururu, kwa maana kazi ya kisiasa inaishia pale jasho linapoonekana. Waamkie wazee "kamwene" mmoja mmoja, usiwasalimie kwa mkupuo kama mwalimu wa zamu. Bibi akikuuliza, "Wewe ni wa nani?", usitaje chama. Taja baba, babu, na kijiji alichotoka bibi mzaa mama. Usipojua, jifunze kwanza, udiwani utasubiri miaka mitano.

Kuhusu vinywaji, kalenda si rafiki yako. Uchaguzi mkuu huangukia Oktoba, wakati ulanzi haujaanza kugemwa vizuri. Mianzi inangoja mvua. Utalazimika kutumia komoni, na komoni ina kasoro moja kubwa kwa mgombea: anayekunywa huongea sana, tena huongea ukweli, na kesho yake anakumbuka nani alinunua. Sheria inakataza takrima. Kwa hiyo sema umekuja tu kuwajulia hali, na ndoo ile ilikuwepo tangu mwanzo.

Ahadi yako iwe maji. Eneo hili lina mradi wa maji ya mserereko ulioanza zamani kwa msaada wa UNICEF, na uzuri wa mserereko ni kwamba maji yanateremka yenyewe kutoka milimani. Ahadi pia. Sema utafufua mabomba. Neno "kufufua" ni salama, kwa sababu halikulazimishi kueleza nani aliyaua. Ongeza mbolea ya ruzuku ifike kabla ya kupanda, kisha kaa chini. Mtu wa tatu akisimama kuuliza bei ya mahindi, angalia saa.

Usidanganyike kwamba haya yote ni uchaguzi. Uchaguzi wenyewe hufanyika miezi kadhaa kabla, kwenye kura za maoni, ndani ya ukumbi wenye wajumbe ambao wote ni ndugu zako, wote wamekuahidi, na wote wamemwahidi mwenzako. Mwaka 2020 nchi nzima iliimba kwamba wajumbe si watu wazuri. Ni kuwaonea. Mjumbe ni mtu mzuri sana, ila ana kura moja na wageni saba.

Ukipita hapo, ukiwa katika chama chenye bahati, kilichobaki ni fomu. Ijaze vizuri, na zaidi sana tazama mpinzani wako anavyojaza yake. Hapa ndipo taaluma imekua kuliko zote. Mwaka 2019, katika uchaguzi wa vijiji, vitongoji na mitaa, fomu za wapinzani zilikataliwa kwa wingi kiasi kwamba vyama vyao vikubwa vikajitoa, na CCM ikashinda zaidi ya asilimia 99. Wazee wa 1965, wakiwa na chama kimoja, walihangaika kutafuta watu wawili wa kushindana. Sisi wenye vyama vingi tumegundua kwamba mmoja anatosha. Kama una haya kidogo, kushinda hivi kutakusumbua wiki moja. Kama huna, andaa ng'ombe.

Kwenye kampeni imba mafiga matatu: Rais, mbunge, diwani. Wewe ndiye figa la tatu, dogo, lililo upande wa moshi, lakini chungu hakiwezi kukaa bila wewe, na hilo liseme mara nyingi kabla hawajafikiria jiko la gesi.

Ukishaapa, jifunze kikao. Utakuta mkurugenzi mtendaji hakuchaguliwa na mtu yeyote wa Wanging'ombe. Ameteuliwa na Rais, na anajua vifungu vyote vya bajeti. Wewe unajua misiba yote. Mtaelewana. Kabrasha litafika jana yake jioni, zito. Usilisome, beba tu kwapani ukipita sokoni. Ndani ya baraza simama mara moja kila robo mwaka, sema kwa ukali, "Mwenyekiti, wananchi wangu wanateseka!", piga meza, kisha uunge mkono hoja kwa asilimia mia moja.

Hatari iliyobaki ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kuingia, na ambapo husomwa mapato na matumizi. Mshauri mwenyekiti wa kijiji auitishe siku ya mnada, saa nane mchana, Desemba, wakati kila mwenye akili yuko shambani anapanda. Watakuja wachache. Yule bibi aliyekuuliza wewe ni wa nani atakuwa mstari wa mbele, amekalia kigoda alichobeba mwenyewe, na katika mkunjo wa kanga ana risiti ya mchango wa maji.