Shindwa Vizuri, Mtoto Asome: Mwongozo wa Mzazi wa Januari

Mzazi mwenzangu, Januari unaijua: ada, sare, rimu, sweta lenye nembo, na swali la jirani, "Huyu wenu mmempeleka wapi?" Hayo ndiyo mashindano ya wazazi, na hutayashinda. Ukijikaza ukafika kwenye ada ya milioni mbili, mwenzio yuko kwenye milioni tano. Ukimfikia, yupo aliyempeleka wake nje ya nchi. Nakushauri ushindwe mapema, ushindwe kwa heshima, na mtoto apate faida. Njia za mkato zipo, na nyingi hazina gharama. Sogea nikupe.

Hatua ya 1: Yapangie majivuno yako bajeti

Kila mzazi ana majivuno, kwa hiyo usipoteze nguvu kupigana nayo. Chukua karatasi, ipige mstari katikati. Upande mmoja andika vinavyokufurahisha wewe: basi la njano linalopiga honi getini, tai, mahafali ya chekechea yenye joho na kofia, picha za kuweka status. Upande wa pili andika vinavyomjenga mtoto: mwalimu anayemjua kwa jina, kitabu mkononi, chakula cha mchana, maji ya kunawa, usingizi wa kutosha. Lipia upande wa pili mpaka uishe. Ikibaki hela, nunua hata joho, na upige picha bila wasiwasi.

Hatua ya 2: Pita bango, nenda kwenye namba

Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023. Mabango ya barabarani hayakuacha. "Ufaulu asilimia 100", yanasema, na picha ya watoto watatu wanaotabasamu. Wewe usibishane na bango. Washa simu, ingia kwenye tovuti ya NECTA, maana matokeo ya kila shule yamewekwa pale wazi na bure.

Sasa fanya ujanja huu. Tafuta shule unayoitaka uone watoto wangapi walifanya upimaji wa darasa la nne mwaka 2021. Kisha fungua matokeo ya darasa la saba ya mwaka 2024, shule ileile. Ni kundi lilelile, miaka mitatu baadaye. Kwa sekondari linganisha kidato cha pili cha mwaka 2022 na kidato cha nne cha mwaka 2024.

Tuseme walikuwa 80, wakabaki 50. Wachache watakuwa wamehama na wazazi wao, hilo ni la kawaida. Lakini pengo la watoto 30 lina maelezo yake, na la kwanza la kuulizia ni mchujo. Mtoto anayeonekana atashusha wastani anaambiwa arudie darasa, atafutiwe shule nyingine, au akafanyie mtihani kwenye kituo kingine. Asilimia 100 inapatikana, na mwanao anaweza kuwa mmoja wa waliotolewa ili ipatikane. Mwulize mkuu wa shule waziwazi: hawa 30 wako wapi? Akikujibu kwa utulivu na kwa majina ya mikoa waliyohamia, endelea kumsikiliza. Akikuonesha kikombe cha ushindi, aga.

Shule inayomaliza na watoto ilioanza nao, hata ikiwa na B na C nyingi, inafundisha.

Hatua ya 3: Nenda siku ambayo hukualikwa

Siku ya wazazi kila shule inapendeza. Wewe nenda Jumanne, saa nne asubuhi, watoto wakiwa kwenye uji. Jitambulishe ofisini, omba kuzungushwa. Tazama mwalimu wa zamu anawasemesha vipi watoto, na watoto wanamkimbilia au wanamkimbia. Omba uoneshwe vyoo vya wanafunzi: mlango una komeo? Maji yapo? Wasichana wakubwa wana chumba cha kujistiri? Choo kitakueleza uongozi wa shule kwa dakika mbili, na hakuna anayekipamba kwa ajili ya wageni.

Kisha fanya jambo ambalo wazazi wengi hawalifanyi: omba kuona daftari. Wakisita, azima la mtoto wa jirani anayesoma pale.

Karibuni nimefunua moja, la hisabati, darasa la tatu. Mwandiko mzuri, tarehe juu, pambizo limepigwa kwa rula. Ndani: 52 – 27 = 35, vema nyekundu. 61 – 38 = 37, vema nyekundu. Chini ya ukurasa, "Vizuri sana". Majibu yote mawili si sahihi, na makosa yake yanafanana: mtoto anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa popote ilipo, kwa sababu kukopa hajakuelewa. Anayesoma ukurasa huo kwa dakika moja anajua cha kumfundisha kesho. Aliyesahihisha hakusoma, alipitisha kalamu.

Tafuta daftari la namna nyingine: kosa limezungushiwa duara, chini yake mtoto ameandika "Masahihisho" na kulifanya upya, na mwalimu amerudi kuliona. Ukilipata, umeipata shule, iwe na geti la umeme au ua wa michongoma. Kabla ya kumlaumu mwalimu wa kalamu inayopita, uliza ana watoto wangapi darasani. Kiwango cha shule ya msingi ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Mwenye mia anahitaji msaidizi na darasa jingine, na wewe ni mmoja wa watu wa kumdaia.

Hatua ya 4: Mpime mwenyewe, mezani kwako

Ripoti ya shule huandikwa na shule, kwa hiyo tafuta ushahidi wa pili. Kuanzia mwaka 2010 hivi, mpango wa Uwezo ulipita majumbani Tanzania, Kenya na Uganda kuwapima watoto kwa njia rahisi mno: silabi, maneno, aya, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, na hesabu chache. Ulikuta watoto wengi wa madarasa ya juu, waliopanda darasa kila mwaka, hawaiwezi hadithi ile.

Fanya hivyo nyumbani. Chukua hadithi asiyoijua, mpe asome kwa sauti. Ukiona kidole kinakwenda kwa kasi na macho yanatazama dari, amekariri, badilisha ukurasa. Akimaliza muulize maswali mawili: nani alifanya nini, na kwa nini? Swali la "kwa nini" ndilo lenye kazi. Rudia kila mwezi, kwa upole, bila fimbo na bila kumlinganisha na binamu yake. Dakika kumi hizi zitakupa habari nyingi kuliko ripoti ya muhula yenye muhuri.

Hatua ya 5: Kiingereza kionjwe kwa Kiswahili

Najua unataka akisimama mbele ya wageni aseme "Good morning, uncle" na bibi apige vigelegele. Sina neno, vigelegele ni halali. Tena sekondari inamngoja kwa Kiingereza, kwa hiyo hitaji lako ni la kweli.

Ila usinunue sauti ukadhani umenunua ufahamu. Ujanja ni huu: mpe aya ya kitabu chake cha sayansi cha Kiingereza, aisome, kisha akueleze kwa Kiswahili alichosoma. Akikueleza mmea unavyojitengenezea chakula, shule inastahili ada yako. Akikutazama tu, analipiwa matamshi. Na nyumbani zungumza naye lugha unayoimudu vizuri. Mtoto anayesikia hadithi nzima, mzaha na hoja kwa lugha ya nyumbani, anaingia darasani na mawazo ya kutafsiri. Anayesikia "sit down", "eat" na "don't touch" tu, anaingia na amri tatu.

Hatua ya 6: Ada ya usingizi

Kuna ada haiandikwi kwenye fomu ya kujiunga. Mtoto wa Chanika anayesoma Mikocheni, upande mwingine wa Dar es Salaam, anaamshwa saa kumi na nusu alfajiri, anapanda basi gizani, anazunguka kuwachukua wenzake, anafika darasani amekwisha kuchoka. Jioni vilevile. Kabla ya kusaini, panda njia hiyo mwenyewe asubuhi moja, kwa saa zilezile, kisha uende kazini uone kichwa chako kinafanyaje kazi saa nne.

Na usitatue umbali kwa kumpeleka mdogo bweni. Waraka wa Elimu namba 2 wa mwaka 2023 umezuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kuanzia Machi mosi mwaka huo, na sababu yake unaijua moyoni: umri huo unalelewa na wazazi. Shule ya wastani ya dakika kumi kwa miguu, yenye mtoto aliyelala na kunywa chai, ina nafasi nzuri kuliko shule kubwa ya saa mbili garini.

Hatua ya 7: Shinda kwa kukaa karibu

Hapa ndipo penye siri kubwa. Shule ya serikali mtaani kwako haina ada. Michango midogo haijaisha, na msongamano upo. Lakini hesabu: chukua ulichokuwa utoe kwenye ada, hata nusu yake tu, ukitumie kwa mtoto huyohuyo. Kwanza chai yenye yai kila asubuhi. Pili vitabu vya hadithi, viwili kila mwezi. Tatu, kiti na taa mezani. Vitabu vya kiada usivinunue vyote. Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka kwenye maktaba yake mtandao, unavisoma bure. Jumamosi moja mpeleke maktaba ya mkoa wenu. Kwa Dar es Salaam, Maktaba Kuu ya Taifa iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed.

Halafu nenda mkutano wa wazazi. Wengi hawaendi, kwa hiyo mwenye kwenda sauti yake inasikika mara kumi. Kagua mapato na matumizi yaliyobandikwa ubaoni. Sukuma chakula cha mchana kipatikane kwa watoto wote, maana mwenye njaa hafundishiki. Gombea kamati ya shule. Utapata cheo, na majivuno yako yatapata pa kukaa.

Hatua ya 8: Acha kazi mbaya iwe mbaya

Mwalimu ameagiza mfano wa nyumba ya asili, na usiku saa nne wewe ndiye unayekata maboksi huku mtoto amelala. Acha. Ataipeleka ya kwake, iliyopinda, paa limeanguka upande. Itaonekana mbaya kando ya zile zilizojengwa na wahandisi wa watu. Vizuri! Mwalimu ataona anachoweza na asichoweza, na mtoto atajua kwamba kazi yake inatosha kupelekwa. Tuisheni nayo iwe dawa ya ugonjwa unaojulikana: kama ni kukopa kwenye kutoa, apate wiki mbili za kukopa, kisha jioni zake zirudi kuwa za mchezo.

Hatua ya 9: Andaa jibu la harusini

Swali litakuja, kwenye kikao cha harusi au msibani: "Wako anasoma wapi?" Usijitetee, wala usiisifie shule jirani kwa sauti ya mtu aliyeshindwa. Sema, "Anasoma hapa mtaani, na sasa hivi anamalizia kitabu cha pili mwezi huu." Kisha umgeukie kwa upendo: "Na wako, anasoma kitabu gani?" Jipe subira wakati anafikiri. Mzazi huyo si adui yako. Huenda analipa mkopo wa ada tangu Juni na hajawahi kuulizwa swali hilo. Mweleze ujanja wa hatua ya pili.

Umeshindwa mashindano, hongera. Sasa usingoje Januari. Leo jioni zima televisheni, chukua hadithi fupi, mketishe mtoto karibu nawe, na umwambie asome. Ukisikia anakwama, hapo ndipo pa kuanzia kesho asubuhi na mwalimu wake, kwa salamu na kwa daftari mkononi. Mtoto anayesoma na kuelewa atamaliza shule yoyote. Asiyesoma, hakuna shule yenye basi la njano itakayomfichia hilo mpaka kidato cha nne.