Barua kwa Mwenyekiti wa Kongamano la Wanaume

KUH: TAARIFA YA TAWI LA MPAKANI

Bwana Mwenyekiti,

Salamu kutoka Malaba. Wenzetu wa Busia na wavuvi wa Osieko wanakusalimu pia. Kila tarehe 14 Februari, wake zetu wakingoja maua, sisi huwaambia tuko kongamanoni, kumbe tuko steji ya boda tukihesabu malori. Kiapo chako tumekishika: mwanamume hujikaza.

Na tunajikaza kweli. Shirika la Afya Duniani linasema wanaume hujiua zaidi ya mara mbili kuliko wanawake. Hongera, Mwenyekiti. Hapo hatujashindwa na mtu.

Nikupe mfano wa nidhamu ya tawi. Steji yetu ina mwenzetu aliyekuwa bingwa wa kutuchekesha. Mkopo wa pikipiki ulipomlemea, akaanza kunyamaza. Chai ya saa nne ikija, anashika kikombe mpaka kinapoa. Saa tisa usiku yuko juu ya pikipiki, hana abiria wala safari. Wa kwanza wetu akasema ni mapenzi, wa pili akasema amerogwa, wa tatu akamnunulia pombe. Siku aliyotamka, "Wazee, roho yangu imechoka," tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Zahanati alikwenda. Benchi zima lilikuwa la kina mama na watoto wa kupimwa uzito. Akaulizwa, kwa sauti iliyofika hadi dirisha la dawa, "Baba, umemleta nani?" Akajibu kwamba amepotea njia. Jibu la kiume kabisa!

Si kwamba hatujui kudai haki. Januari 2022 madereva wa malori waligoma hapa kwa sababu ya dola 30 za kipimo cha korona, foleni ikanyoosha shingo kuelekea Bungoma, mpaka Uganda ikalegeza kamba. Tuligombea pua. Roho hakuna aliyewahi kuidai, hata bure.

Serikali nayo ilikuwa upande wako. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilimwahidi aliyejaribu kujiua akanusurika hadi miaka 2 jela: anatoka wodini, anapokewa na askari. Nani angethubutu kusema ana mawazo? Lakini tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mahakama imekuacha mkono, Mwenyekiti. Ila usihofu, mahakama ya steji bado inakaa kila siku, hukumu yake haina rufaa, na mimi nimekuwa mmoja wa mahakimu.

Ndiyo maana naandika kujiuzulu. Kadi ya uanachama sikupewa, basi sina cha kurudisha. Nilikuwa na kicheko tu, na hicho namwachia atakayerithi nafasi yangu.

Kesho asubuhi narudi na mwenzetu kule zahanati. Tutaketi kwenye benchi lilelile, katikati ya kina mama, hata tukitazamwa vipi. Wakiuliza nimemleta nani, nitasema nimemleta rafiki yangu, anaumwa, na nilichelewa kumsikiliza.

Nawe msomaji, kama steji yenu ina mtu ambaye chai inapoa mkononi mwake, usingoje kongamano. Muulize leo, kisha unyamaze umsikilize.

Wako aliyekuwa mtiifu,
Mwanachama wa zamani, Malaba