Kilwa kwa Bahari, Inshaallah

Watu wazima wenzangu wakipata kiinua mgongo hujenga chumba cha uani, wakaweka mpangaji, mwisho wa mwezi wakahesabu kodi. Mimi nilinunua boti. Mke wangu hajaniuliza kwa nini. Angeuliza ningejibu, huko kutouliza ndiko kunakoninyima usingizi.

Ni boti ya faiba, futi 23, ina injini ya nje ya nguvu za farasi 40 na umri ambao aliyeniuzia aliutaja kwa kikohozi. Ubavuni imeandikwa SUBIRA kwa rangi nyekundu iliyochujuka. Nilidhani ni jina. Kumbe lilikuwa onyo.

Mpango wenyewe ulikuwa safi. Ukweni kwangu ni Kilwa. Kila tukienda ni basi hadi Dar kupitia Chalinze, kulala, kisha basi jingine, magoti yamegusa kidevu. Bahari ndiyo hii mlangoni kwangu hapa Tanga, na Kilwa nayo iko baharini. Sasa Chalinze nikafanye nini? Marehemu baba mkwe alikuwa akisimulia kwamba kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni, na masika yakikolea barabara ya kusini ilikuwa haipitiki, mwenye haraka akapanda jahazi. Nikasema: wale walikwenda kwa tanga, mimi nina mashine. Nikapiga simu ukweni nikatangaza kwamba harusini kwa mpwa wa mke wangu, mwezi wa nne mwakani, tutatua Kilwa Masoko kwa chombo chetu wenyewe. Mama mkwe akapiga vigelegele. Vigelegele hivyo vimenigharimu kuliko injini.

Siku ya kwanza fundi alikuja mikono mitupu. Hakuleta nyundo, hakuleta hata bisibisi. Alitoa mfukoni sarafu ya shilingi 200 akaanza kuigonga boti kuanzia omo kurudi nyuma, sikio kalitega kama daktari. Ko, ko, ko. Nikafurahi. Alipofika kwenye ubao wa shetri, pale inaponing'inia injini, sauti ikabadilika: bu, bu, bu, kama anagonga papai. Akanitazama kwa huruma. Akashika skrubu moja, ikatoka kwa vidole. Nyuma yake yakafuata maji ya kahawia kama chai iliyosahauliwa jikoni, yakachuruzika taratibu, hayana haraka, yamekaa humo miaka.

"Mzee," akasema, "humu hamna mbao. Humu mna tumbaku."

Ndipo nikafundishwa kwamba faiba haiozi, ila waliotengeneza boti huweka mbao ndani ya faiba pale panapohitaji nguvu. Mtu mmoja anatoboa tundu la skrubu na kusahau kuliziba vizuri, maji yanapata mlango, na mbao inaoza kimyakimya huku nje inang'aa. Katika daftari langu la hesabu kulikuwa na mistari mitatu: rangi, plagi, kamba ya nanga. Wa nne niliandika "n.k." Hiyo n.k. ndiyo iliyokula chumba cha uani.

Tukakata shetri yote. Tukaweka mbao mpya. Ikabaki kuifunika kwa faiba, kazi ya resini. Resini huchanganywa na dawa ya kuigandisha, asilimia 1 au 2 tu, na kwa jua la Tanga hata hiyo ni nyingi. Fundi alikoroga kopo zima kwa mkupuo mmoja, akapaka mikono mitatu, adhana ya adhuhuri ikatoka, akaenda zake. Sala haina mjadala. Aliporudi, brashi ilikuwa imesimama wima katikati ya kopo, na kopo lenyewe linafuka moshi. Brashi hiyo ninayo mpaka leo. Mjukuu wangu anavunjia nayo kungu.

Halafu kuna washauri. Ukitaka kujua Tanga ina watu wangapi, weka boti mbovu pwani. Hapiti mtu bila kusimama na kusema neno. Mzee mmoja jirani, nahodha mstaafu, alikuwa na imani moja: chombo hakiendi safari ndefu bila kupakwa sifa. Nikamwambia, "Babu, sifa ni ya mbao, hii ni faiba." Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayemsikiliza mtoto. Asubuhi yake nilianza kuisikia boti kabla ya kuiona. Mafuta ya maini ya papa yana harufu isiyohitaji kutambulishwa. Mzee wa watu alikuwa ameamka alfajiri, kapaka kopo zima kwenye shetri yetu mpya, bure, kwa upendo. Na resini haishiki penye mafuta. Tukapiga msasa siku tano. Siku zote hizo babu alikuwa ameketi kivulini, akisikitikia sifa yake.

Injini nayo ina adabu zake. Injini ya nje ikiwa nzima hukojoa: maji ya kupozea hutoka kwa nyuma mchirizi mwembamba, na mwenye boti huutazama mkojo huo kwa furaha kuliko mama mwenye mtoto mchanga. Ya kwangu iliwaka, ikanguruma, wote tukainama kutazama. Kavu. Tulipofungua pampu tukakuta lile gurudumu dogo la mpira limekunjamana kama pweza wa juzi. La kuagizia Dar. Likaja, likawa la injini nyingine. Likaagizwa tena.

Shemeji yangu, ambaye alijiteua kuwa msaidizi wa nahodha, ndiye aliyeniletea hesabu ya mafuta. Tanga hadi Kilwa kwa bahari ni maili za baharini kama 240. Tukienda mwendo wa maili 12 kwa saa ni saa 20, na mashine hii inakunywa lita 16 au 17 kila saa. Weka akiba, maana mkondo wa pwani hii unasukuma kaskazini mwaka mzima na sisi tunashuka kusini. Yaani bahari yenyewe inatusihi turudi nyumbani. Tukafika lita 400. Madumu 20 ya lita 20, na lita 8 za oili za kuchanganyia, moja kwa hamsini.

"Kilo mia tatu," akasema shemeji, baada ya kuyapanga madumu matupu ndani ya boti kwa majaribio. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama nje. "Sasa sisi tunakaa wapi?"

Nikamwambia tutajaza njiani: Bagamoyo, Dar, Kilindoni. Akaniuliza kama dada yake anajua kwamba safari ya ukweni imekuwa ya kutembelea vituo vya mafuta. Sikupenda sauti aliyoitumia.

Haki ya Mungu, siku moja nilifaulu. Mkaguzi alikuja akauliza maboya ya kuvaa, kizima moto, filimbi, taa za usiku, fataki za kuombea msaada. Vyote ninavyo, vipya, bado vina karatasi za dukani. Akaandika, akaridhika, akafunga kitabu. "Haya mzee, na chombo chenyewe kiko wapi?"

Alikuwa amekiegemea.

Lakini adui mkubwa hakuwa kuoza, wala babu na sifa yake. Alikuwa mwezi. Sisi boti tuliipandisha kwenye bamvua la mwezi wa tatu, ambalo hujaa kuliko ya miezi mingine, tukafurahi kuona maji yenyewe yameibeba hadi chini ya mkungu, kivulini, pazuri. Wanaume saba tulikuwepo, wawili kati yetu wavuvi wa kuzaliwa. Hakuna aliyejiuliza kilichopandishwa na bamvua kubwa kitashushwa na nini. Mabamvua ya kawaida yanakuja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, yanalamba mchanga hatua kumi na tano kutoka kwenye mkuku, yanarudi. Lile kubwa la mwezi wa tisa lilipokuja na kuizunguka Subira yangu vizuri kabisa, shetri ilikuwa haipo. Tulikuwa tumeikata.

Kaskazi likaanza kuvuma, upepo ambao wazee waliutumia kushukia kusini. Nikauona ukipita mwezi wa kumi na mbili, wa kwanza, wa pili, mimi nimeshika msasa. Bamvua kubwa la mwezi wa tatu lilifika tukiwa tunalingojea gurudumu la mpira. Fundi akasema tusihuzunike, la mwezi wa nne nalo hujaa. Masika yakaingia kabla yake. Mvua ikaijaza boti maji ya kunywa, nami nikachomoa nguruzi, kile kizibo cha ngamani, ili yatoke. Na kwa kuwa watoto wa mtaa huu hawaachi kitu, nikaitia mfukoni mwa koti. Hapo ndipo pahali salama pekee nilipobakiwa napo.

Harusi ikafika. Mke wangu alikata tiketi mbili za basi, akaziweka juu ya daftari langu la hesabu, akaenda kukunja kanga. Hakusema kitu. Shemeji alikuwa ameshakata ya kwake wiki mbili kabla, kwa siri, kiti cha dirishani.

Kwa hiyo nimekaa basini, magoti kidevuni. Tumelala Dar, tumevuka Rufiji, na mke wangu kaniegemea begani anasinzia, ana amani sijaiona mwaka mzima. Simu ikalia. Ni fundi, nyuma yake watu wanashangilia, namsikia na babu wa sifa akitoa amri.

"Mzee! Bamvua limejaa leo si kawaida! Tumeisukuma, tumefunga nanga! Sasa hivi Subira inaelea, ungekuwapo ungelia!"

Nikalia kidogo, kweli. Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta leso. Nikashika kitu kigumu, cha mviringo, kinene kama kidole gumba.

"Fundi," nikamwambia, "tundu la nguruzi umeliziba kwa kitu gani?"

Upande wa pili shangwe ikapungua. Nikamsikia akiwauliza wenziwe. Nikamsikia mmoja akijibu kwamba mbona tangu asubuhi inakaa chini chini hivi, yeye alidhani ni uzito wa injini.

"Nguruzi?" akasema fundi.

"Nguruzi!" nikapiga kelele. Mke wangu akazinduka.

Konda akasimama mlangoni, akapiga bati makofi mawili. "Nangurukuru! Wa Kilwa Masoko wote tushuke hapa! Mzee, kelele za nini, si tumefika?"