Kubanwa Bila Kugombana: Mwongozo wa Kupima Titi kwa Mwanamke wa Uluguru

Mwanamke wa Kinole, huku kwenye milima ya Uluguru mkoani Morogoro, hupandisha mlima na mkungu wa ndizi kichwani na mtoto mgongoni. Ameshazaa, ameshajikata na jembe, ameshateleza kwenye tope la masika akainuka na mkungu wake mzima. Lakini mtajie mashine ya kupiga picha titi, utamsikia: "Hiyo hapana, inauma!" Mwongozo huu ni wake, na wa wote wenye ujasiri wa kila kitu isipokuwa hiki kimoja.

Hatua ya kwanza: mjue anayeuma na asiyeuma. Kipimo kinaweza kuuma. Saratani ya titi mwanzoni mara nyingi haiumi, na hiyo ndiyo hila yake kubwa. Uvimbe hukaa kimya, huku mwenyewe akilima, akipika na kucheza ngoma. Tathmini ya huduma za matiti nchini iliyotolewa mwaka 2017 ilieleza kwamba takriban wanawake 8 katika kila 10 wanaogundulika na ugonjwa huu Tanzania huwa tayari wako hatua ya tatu au ya nne. Kwa hiyo anayesema "sina maumivu, nitaenda nikiumwa" amempa adui wake ratiba. Nenda ukiona uvimbe titini au kwapani, ngozi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani bila kawaida yake, au inayotoa damu. Nenda hata kama haviumi, tena hasa kama haviumi. Wala usingoje umri. Wanawake wengi wa Afrika hupata ugonjwa huu kabla ya miaka 50.

Hatua ya pili: anza na mikono. Tanzania haina mpango wa kumwita kila mwanamke kwenye mashine, na mashine zenyewe ni chache, nyingi zikiwa hospitali kubwa. Basi mlango wa kwanza kwa mtu wa Mgeta au Matombo ni kupapaswa na muuguzi au daktari wa karibu. Kuna wanaomcheka muuguzi kwa sababu hana mashine. Hao waambiwe habari za Mumbai, India, ambako zaidi ya wanawake 150,000 walifuatiliwa kwa miaka 20. Waliopimwa kwa mikono kila baada ya miaka miwili, na wahudumu wa afya waliofundishwa kazi hiyo, waligundulika mapema zaidi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kwamba kwa wenye miaka 50 na kuendelea, vifo vya saratani ya titi vilipungua kwa karibu asilimia 30. Vidole vilivyofundishwa vinaokoa, na havibani.

Hatua ya tatu: chagua siku yako. Ukiandikiwa picha ya mashine na bado unaona hedhi, omba wiki inayofuata baada ya hedhi kuisha, maana siku chache kabla ya hedhi matiti hujaa na kuuma hata yakiguswa tu. Vaa blauzi na sketi au kitenge, uvue juu na kubaki na stara chini. Usipake poda, losheni wala dawa ya kuzuia jasho. Chembe zake huonekana kwenye picha kama madoa na kuwatia hofu watu bure. Siku hiyo moja nenda na kwapa lako kama lilivyoumbwa. Mtaalamu wa mionzi ameshanusa mengi, na hatakuandika popote.

Hatua ya nne: ujue kwa nini unabanwa. Ukitafuta wa kulaumiwa, yuko Uruguay. Daktari Raúl Leborgne ndiye aliyeonyesha, mwaka 1949, kwamba titi likibanwa picha hutoka safi zaidi. Titi lisipobanwa nyama zake hulaliana, na uvimbe mdogo hujificha katikati. Likibanwa hutandazwa, picha haitikisiki, na mionzi inayohitajika hupungua. Kwa kawaida hupigwa picha mbili kwa kila titi, na kila mbano huchukua sekunde chache. Baadhi ya wanawake husikia kugandamizwa tu, wengine huumia kweli. Wote wawili wanasema ukweli, na asiwepo wa kumwambia mwenzake kwamba anajidekeza.

Hapo ndipo uvumi huingia, nao hushuka kutoka Nyandira kwa kasi kuliko lori la kabichi. Eti mashine hupasua titi. Haipasui. Eti mbano husambaza saratani. Hausambazi. Eti mionzi yake ndiyo inayoleta ugonjwa. Kiasi chake ni kidogo, karibu sawa na mionzi ambayo kila mtu hupokea kutoka ardhini na angani kwa muda wa wiki saba akiwa nyumbani kwake.

Hatua ya tano: fungua mdomo. Tumelelewa tukisifiwa kwa kuvumilia, hata leba. Chumba cha picha hakitoi zawadi kwa bubu. Mwaka 2008 watafiti wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio ya kupunguza maumivu ya kipimo hiki. Parasetamoli iliyomezwa kabla haikusaidia. Kipande laini cha sponji cha kuweka kwenye mashine kilipunguza maumivu, lakini kiliharibu picha za wanawake kama 2 katika 100. Mojawapo ya yaliyosaidia bila kuharibu picha ni mwanamke kuelezwa mapema kitakachotokea. Maelezo ni dawa, tena haina foleni duka la dawa.

Basi idai. Sema: "Dada, naomba unieleze kabla hujabana." Sema: "Taratibu, nimeumia." Sema: "Subiri kidogo, nivute pumzi." Nanyi wahudumu, dakika mbili za kumweleza mama aliyeamka alfajiri Tegetero ni sehemu ya kipimo. Anayemkaripia mgonjwa amemfukuza yeye pamoja na majirani zake wote.

Hatua ya sita: wajibu washauri. Mume akiuliza nani atayaona matiti ya mkewe, mjibu kwamba unaweza kuomba mhudumu wa kike, na kwamba mficha uchi hazai. Mganga akisema apewe kwanza miezi mitatu ajaribu, mwambie uvimbe haujakubali kusubiri.

Sisi Uluguruni tuna jambo letu la kuangalia zaidi. Ukoo na shamba hufuata kwa mama, hivyo ukiulizwa kama kuna saratani ya titi kwenu, utawataja mama, bibi na mama wadogo, kisha unyamaze. Damu haifuati utaratibu wa mashamba. Urithi unaoongeza hatari ya ugonjwa huu unaweza kutoka kwa baba vilevile. Muulize shangazi, waulize na upande wa bibi mzaa baba, kabla ya kujaza fomu.

Hatua ya saba: fuata majibu mpaka mwisho. Vivimbe vingi vya titi si saratani, kwa hiyo kuitwa tena si hukumu. Lakini usirudi mlimani na bahasha ambayo haijasomwa. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa mwaka 2021, linataka uchunguzi wote, pamoja na kipande cha nyama kinachopelekwa maabara, ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa alipofika hospitali mara ya kwanza. Ziandike siku hizo kwenye kalenda ya ukutani na uzidai. Ukipewa rufaa ya kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, safari imekuwa nyepesi kuliko zamani; treni ya SGR imekuwa ikibeba abiria kati ya Morogoro na Dar tangu Juni 2024. Kinachobaki kizito ni nauli na pa kulala, na hapo vikoba na ndugu wana kazi ya kufanya kabla ya kuchangia msiba.

Hatua ya mwisho: simulia. Ukishapimwa, waeleze wenzako kisimani na kwenye soko la Chifu Kingalu mjini Morogoro jinsi ilivyokuwa, bila kuongeza na bila kupunguza: nani alikupokea, mbano ulidumu kwa muda gani, paliuma wapi, ulisema nini mbano ukalegezwa. Kama iliuma, sema iliuma. Atakayekufuata ataingia chumba kile akiwa ameshaelezwa, na atakuwa amepata dawa kutoka kwako.