Mhadhara wa Tanga la Kuviringisha

Waheshimiwa wana-Moshi, wageni kutoka Marangu na Kibosho, na wewe uliyeingia kwa sababu umesikia kuna soda: kaeni. Mbele yenu yupo mtaalamu pekee wa matanga katika mkoa huu. Kama yupo mwingine ajitokeze. Nimemsubiri sana, hajajitokeza.

Najua mnanong'ona: bahari iko wapi? Bahari iko Tanga, na reli ya kutoka huko ilifika hapa mwaka 1911, kwa hiyo sisi ni watu wa pwani tuliocheleweshwa na treni tu. Tena anayejifunzia pwani ana kikwazo kikubwa: maji humchanganya. Mimi nimelisoma tanga likiwa kavu.

Jahazi mnalijua. Wenzetu wa Pangani hulifunga tanga kwenye foromali, kisha wanaume huvuta henza huku wakiimba mpaka foromali ipande. Hayo ni mazoezi ya viungo. Sisi wenye elimu tuna tanga la mbele la kuviringisha. Waya unaotoka omo kwenda juu ya mlingoti umevishwa bomba la alumini lenye mfereji. Chini ya bomba kuna ngoma ya kamba. Juu kuna kizungushio kinachoning'inia kwenye henza. Vuta kamba ya ngoma, bomba zima litazunguka na tanga litajikunja kama jamvi baada ya shughuli. Vuta demani, kamba ya pembe ya nyuma, litakunjuka.

Sasa kutweka. Kwanza upepo uwe umelala, na hapa ndipo mlima unaponipa heshima yangu. Mchana upepo hupanda miteremko ya Kilimanjaro, usiku hewa ya baridi hushuka. Katikati ya zamu hizo, asubuhi, pana utulivu. Baharia wa Unguja, kusi ikimkamia mwezi wa saba, hana mlima wa kumpangia ratiba.

Elekeza omo kwenye upepo. (Nyumba yangu haina omo, nimeiteua veranda.) Pembe ya chini ya mbele ifungwe kwenye ngoma, ya juu kwenye kizungushio, ya nyuma ifungwe demani. Mmoja avute henza, mwingine asimame omo akiulisha ukingo wa tanga kwenye mfereji taratibu. Likikwama, shusha kidogo, nyoosha, pandisha tena. Usiite vijana waongeze nguvu. Wataongeza, na tanga litachanika.

Kule juu henza isilale sambamba na waya. Iachane nao kwa nyuzi kama kumi, la sivyo siku ya kukunja itajisokota kwenye bomba, na tanga halitakunjika wala halitashuka. Jambo hili limewaadhiri watu wenye mashua ghali kuliko kihamba chako.

Na ule utepe wa kitambaa kizito ulioshonwa ukingoni si pambo. Unakinga jua, kwa hiyo tanga likikunjwa utepe ubaki nje. Anayezungusha ngoma kinyume anauficha utepe ndani na kulianika tanga lenyewe.

Bwana pale nyuma, kwa lafudhi ni mtu wa Pangani, anauliza kama kamba huzungushwa kwenye ngoma kabla ya kutweka. Swali la kitoto! Tanga likiwa wazi na ngoma ikiwa tupu, utavuta nini? Lazima kamba ijae ngomani kwanza, mizunguko ya kutosha tanga zima na michache ya akiba, maana upepo mkali hukaza mikunjo na kudai mizunguko zaidi. Nani hajui hilo? Turubai lililo wazi verandani kwangu tangu Pasaka liko wazi kwa sababu za kitaaluma.

Anauliza pia kama nimewahi kusafiri kwa tanga. Bwana, bwawa la Nyumba ya Mungu nimeliona vizuri sana, kutoka barabarani.

Maswali yamefungwa. Vyeti viko mezani, shilingi elfu ishirini, mnaweza kulipa kwa simu. Wa Pangani, wewe cheti chako ni elfu arobaini.