Hekima ya Puli

Puli ya mashine ya kufulia ni gurudumu pana lililofungwa nyuma ya dramu kwa bolti moja tu. Mkanda huiunganisha na mota, na dramu ikikamua kwa mizunguko 1,200 kwa dakika, uzito wote wa mashuka yaliyolowa huvutwa na puli hiyo. Ndiyo maana busara imeelekeza itengenezwe kwa alumini nyembamba au plastiki, na zege la kutuliza mtikisiko liachiwe kazi ngumu zaidi: kukaa tu ndani ya mashine likiwa zito.

Puli ikipasuka, umeme huchomolewa, kifuniko cha nyuma hufunguliwa, mkanda huvuliwa. Bolti hugoma kidogo, kwa kuwa kiwandani ilipakwa gundi. Kisha huulizwa spea. Kwa baadhi ya mashine, puli haiuzwi peke yake; huja na dramu, tangi na beringi, kwa bei inayonusa mashine mpya, kama aliyekatikiwa na kifungo akauziwa kanzu, koti na harusi.

Wapo mafundi wakaidi wanaochomoa puli kwenye mashine iliyotupwa na kuifunga kwa dakika 20. Hawajui mazingira yanavyotunzwa: mashine hupelekwa jaani nzima, na lebo yake ya kijani ya kuokoa umeme ingali inang'aa.